Paka Aliyefunga Choo: Ya Kufanya Nyumbani na Ya Kumwachia Daktari

Swali: Daktari, hujambo? Nina paka dume anayeitwa Chui. Ana miaka 9 na alihasiwa akiwa mdogo. Mimi na yeye tunaishi ghorofa ya tatu hapa Donholm, Nairobi, na huwa hatoki nje. Siku 3 sasa anaingia kwenye beseni lake la mchanga, anachuchumaa, anajikamua mpaka analia, kisha anatoka bila kuacha kitu. Jana aliacha kijiwe kimoja tu, kikavu kama mavi ya mbuzi. Chakula chake ni kile kikavu cha dukani, na mara nyingine namchemshia omena. Jirani ananishauri nimnyweshe maziwa na kijiko cha mafuta ya kupikia, na kwenye kemisti walitaka kuniuzia dawa ya kuingiza kwa nyuma. Je, ninaweza kumtibu hapa nyumbani, au nimpeleke hospitali?

Jibu: Sijambo, dada yangu. Nashukuru kwamba umeuliza kabla ya kufuata ushauri huo, kwa sababu mafuta na ile dawa ya kemisti vinaweza kumdhuru Chui kuliko hicho kinyesi kilichomkwama. Yapo mengi unayoweza kumfanyia nyumbani, na nitayaeleza. Lakini kabla ya yote, hata kabla ya kumaliza kusoma jibu hili, nataka uhakikishe jambo moja: je, Chui anakojoa?

Nauliza kwa sababu paka dume aliyezibwa njia ya mkojo hufanya yaleyale uliyoyaeleza. Huingia kwenye beseni, huchuchumaa, hujikamua, hulia, hutoka, na baada ya dakika kumi hurudi tena. Mwenye paka huona mchanga mkavu na kudhani ni choo kigumu. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba mno, na punje ndogo za madini zikichanganyika na ute huweza kuuziba kabisa. Mkojo ukishindwa kutoka, sumu ambazo figo zingezitoa hurudi kwenye damu, potasiamu hupanda, na moyo huweza kusimama ndani ya siku moja au mbili. Nimewahi kupokea dume ambaye kwa siku mbili nzima alikuwa akipewa dawa ya choo kwa nia njema, na tulipomgusa tumbo tulikuta kibofu kimejaa na kukaza kama chungwa bichi. Hatukuweza kumwokoa. Tangu siku hiyo sijibu swali lolote la choo cha paka dume kabla sijajua habari ya mkojo wake.

Namna ya kuhakikisha ni hii. Mwaga mchanga wote wa zamani, osha beseni, weka mchanga mpya mkavu wa kina cha vidole viwili, kisha mfungie Chui bafuni kwa saa chache akiwa na beseni hilo, maji yake na taulo la kulalia. Ziba tundu la maji machafu, maana paka mgonjwa wakati mwingine hukojoa pale penye sakafu baridi na usijue. Paka mkubwa mwenye afya akikojoa, huacha sehemu iliyolowa waziwazi, yenye upana unaokaribia kiganja chako. Ukiona matone tu, au mkojo wenye rangi ya damu, au ukimwona akijilamba uume mfululizo, au mchanga ukibaki mkavu ilhali anaendelea kujikamua, mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kile kijiwe cha jana kinaelekeza kwenye choo, lakini hakitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa paka anayejikamua kutoa mkojo huweza kusukuma na kinyesi kidogo kilichokuwa karibu na mlango.

Tuseme sasa umethibitisha kwamba anakojoa vizuri. Paka wengi hupata choo mara moja kwa siku, na wapo ambao hukaa siku moja na nusu wakiwa wazima kabisa. Zikipita siku 2 bila choo, mtu anapaswa kuanza kumsaidia paka wake nyumbani. Siku 3, kwa maoni yangu, ndiyo mwisho wa kusubiri. Kwa hiyo jibu langu kwako ni la pande mbili: piga simu leo uandikishe miadi ya kesho, na katika muda huu wa saa 24 fanya haya nitakayokueleza. Akipata choo cha kutosha kabla ya miadi, bado nitapenda apimwe, lakini hakutakuwa na haraka ya kukutia hofu.

Saa hizo 24 ninakupa kwa sharti kwamba Chui bado anakula, anatembea na kukuitikia kama kawaida. Akitapika, akijificha chini ya kitanda na kukataa kutoka, tumbo likivimba, au akikosa kula kwa siku nzima, usisubiri miadi. Paka si kama mbwa katika jambo la kufunga kula: paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila chakula, mafuta ya mwilini huanza kurundikana kwenye ini, na hapo unakuwa na ugonjwa wa pili ulio mkubwa kuliko wa kwanza. Mwangalie pia chini ya ulimi na chini ya mkia. Ukiona uzi au utepe umening'inia, usiuvute kamwe, kwa maana sehemu iliyobaki ndani huweza kukata utumbo kama msumeno. Na usidanganyike ukiona kinyesi cha majimaji kidogo chenye ute. Mara nyingine majimaji hupenya pembeni ya kinyesi kigumu kilichokwama, na mtu akadhani paka anaharisha.

Sasa tuje kwenye chanzo chenyewe. Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kufyonza maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Haujui kuacha: kinyesi kikikaa humo siku moja zaidi, hufyonzwa maji siku moja zaidi, na kadiri kinavyokauka ndivyo kinavyozidi kuwa kigumu kutoka, na kadiri kinavyouma kutoka ndivyo paka anavyozidi kukizuia. Ukikibonyeza kile kijiwe ulichokiona jana kwa kijiti, kitavunjika vipande vikavu kama udongo wa kichuguu, badala ya kubonyea kama udongo wa mfinyanzi unavyopaswa kubonyea. Kwa sababu hiyo tiba ya nyumbani, ukiondoa mbwembwe zote, ni kurudisha maji mwilini mwa paka.

Hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa paka hana kiu kama yetu. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu ambaye jamaa zake bado wanaishi porini hapa Kenya, na ambaye hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka kwenye mwili wa panya au ndege anayemla. Nyama ya windo lake ni maji kwa takriban asilimia 70. Chakula kikavu cha dukani kina maji asilimia 10 hivi. Paka wa kilo 4 anahitaji karibu mililita 200 za maji kwa siku, kutoka kwenye chakula na kinywaji kwa pamoja, na anayekula punje kavu peke yake inambidi azinywe karibu zote. Wengi hawanywi kiasi hicho. Huyu wako wa miaka 9 inawezekana amekuwa akiishi na upungufu mdogo wa maji kwa muda mrefu, na utumbo wake umekuwa ukifidia.

Kwa hiyo anza leo na chakula chenyewe. Ondoa punje kavu kwa siku hizi chache, umpe chakula chenye majimaji cha mkebe au pakiti. Pakiti moja ya gramu 85 humpa maji ya gramu 65 hadi 70 bila yeye kujua kwamba amekunywa. Ongeza vijiko viwili vitatu vya maji ya uvuguvugu, ukoroge mpaka kiwe kama uji mzito. Kama hupati chakula hicho, au bei yake haikuwezekani, chemsha kuku au samaki kwa maji mengi, chuja, ondoa kila mfupa, kisha mpe nyama iliyosagwa pamoja na supu yake. Supu hiyo isiwe na chumvi, kitunguu, kitunguu saumu wala viungo vya pakiti, kwa sababu vitunguu vya aina zote huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, na viungo vya pakiti mara nyingi vina vitunguu ndani yake.

Kuhusu omena, sikukatazi moja kwa moja, ila namna ya kuitayarisha ina maana kubwa. Omena nyingi huanikwa ufuoni na huja na mchanga wake, na mchanga huo pamoja na vichwa na miiba mingi ni mzigo kwa utumbo uliokauka. Kwa sasa mwache Chui apumzike nayo. Akipona, ioshe kwa maji moto mara mbili tatu kama unavyoiosha ya kula mwenyewe, ichemshe kwa maji mengi, kisha mpe supu pamoja na samaki wachache tu waliotolewa vichwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe wakati wowote. Huvunjika ikawa na ncha kali, na ikifika chini hushikamana na kinyesi kikawa kama zege.

Maji ya kunywa nayo yana adabu yake kwa paka. Mwekee bakuli mbili au tatu, pana na zisizo na kina, za udongo au kioo, na usiziweke karibu na chakula wala karibu na beseni la choo. Katika mitaa yetu maji ya bomba huja kwa zamu, nasi huyahifadhi kwenye madramu na mitungi tukitia dawa ya kuua vijidudu. Pua ya paka huinusa dawa hiyo mara moja, na wengine huiacha bakuli ikiwa imejaa. Mpe maji uliyoyachemsha na kuyaacha yapoe, uyabadilishe asubuhi na jioni. Wapo pia wanaopenda maji yanayotiririka. Mfungulie bomba kidogo siku maji yakiwepo, uone kama atayafuata.

Baada ya maji ndiyo tuje kwenye malenge, ambayo watu wengi huyataja kwanza. Malenge yaliyochemshwa bila chochote na kupondwa, kijiko kimoja cha chai ndani ya chakula chenye majimaji mara mbili kwa siku, humsaidia paka mwenye tatizo dogo. Maganda ya mbegu za isabgol (psyllium), yanayopatikana kwenye maduka mengi ya Ngara na Parklands, hufanya kazi kama hiyo. Robo kijiko cha chai kinatosha, baada ya kulowekwa kwenye maji mpaka yawe kama uteute. Lakini makapi haya huvimba kwa kunywa maji. Yakiingia kwenye mwili uliokauka, au kwenye utumbo ambao tayari umejaa kinyesi kigumu, huongeza ukubwa wa mzigo badala ya kuusogeza. Kwa Chui, ambaye yuko siku ya 3, ningeyaweka kando hadi daktari amshike tumbo. Yatakuwa na nafasi yake baadaye, katika kuzuia.

Dawa ninayoiamini zaidi kwa hali kama yake ni sirapu ya laktulosi, ambayo huuzwa kwenye kemisti kwa ajili ya binadamu. Ni sukari isiyofyonzwa, nayo huvuta maji na kuyarudisha ndani ya utumbo mpana. Kwa kawaida mimi huanza na nusu mililita kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, lakini usianze kabla ya kuzungumza na daktari atakayemwona Chui, kwa sababu paka aliyepungukiwa sana na maji anahitaji kurudishiwa maji kwanza, na mwenye kisukari anahitaji uangalizi. Utaipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mshike Chui akiwa amekuelekezea mgongo kwenye mapaja yako, ingiza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya lile jino refu, kisha sukuma kidogo kidogo, ukimwachia nafasi ya kumeza. Kichwa kibaki usawa wake. Ukikiinua juu kama unavyomnywesha mtoto dawa, kitu unachomnywesha huweza kushuka kwenye mapafu.

Hilo la mapafu ndilo linalonifanya nikukataze mafuta ya kupikia. Mafuta yakimwagwa mdomoni hayamshtui paka akohoe kama maji yanavyofanya. Huteleza kimya hadi kwenye njia ya hewa. Mama mmoja aliniletea jike la rangi ya kijivu siku mbili baada ya kumpa mafuta kwa kijiko, kama alivyoelekezwa na mtu aliyemwamini. Choo kilikuwa kimetoka. Paka alikuwa ameketi ameshusha kichwa, viwiko vimetanuka, ubavu ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Ilikuwa nimonia ya mafuta, na ilichukua majuma kadhaa kumtoa hapo. Mafuta ya taa, mafuta ya nyonyo na mafuta meupe ya kemisti yapigwe marufuku vilevile.

Dawa ya kuingiza kwa nyuma uliyotaka kuuziwa inanitia wasiwasi zaidi. Nyingi za aina hiyo zina fosfeti ya sodiamu. Kwa mtu mzima ni dawa ya kawaida. Kwa paka, chumvi hizo hufyonzwa haraka, kalsiamu ya damu hushuka, mwili hutetemeka, na kifo huweza kufuata ndani ya saa chache. Usiinunue, na kama ipo nyumbani iondoe. Usimtilie pia kipande cha sabuni, kama mama zetu walivyozoea kuwatilia watoto wachanga. Sabuni huunguza ngozi laini ya ndani. Vidonge vya binadamu vya kulegeza choo, chumvi ya haluli na shubiri usimpe. Na ukimwona anaumia usishawishike kumpa panadol, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Maziwa si hatari kwa kiwango hicho, lakini si dawa. Paka wengi wakishakua hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Wakiharisha kwa sababu hiyo, watu husema tumbo limefunguka, kumbe paka amepoteza maji aliyokuwa anayahitaji ili kulainisha kile kigumu kilichobaki ndani.

Nikirudi kwenye beseni: lisafishwe kila siku, na liwe pana kiasi kwamba Chui anaweza kugeuka ndani yake bila kugusa ukingo. Umesema ana miaka 9. Katika umri huo viungo vya nyonga na magoti huanza kuuma, na baadhi ya paka huzuia choo kwa sababu kuruka ukingo mrefu na kuchuchumaa kunawaumiza. Kata ukingo upande mmoja uwe mfupi. Kama beseni liko kwenye roshani, liingize ndani, hasa miezi ya baridi kama Julai, kwa kuwa paka hawezi kujisaidia kwa utulivu penye upepo na honi za matatu. Mchane manyoya kila siku ili apunguze kuyameza, na umchezeshe kwa kamba dakika kumi asubuhi na jioni, kisha uifiche kamba hiyo.

Unapomtafuta daktari, hakikisha ni aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Muuzaji wa duka la agroveti anaweza kuwa mtu mzuri na mwenye uzoefu na ng'ombe, lakini hilo halimfanyi kuwa daktari wa paka. Kama huna daktari unayemjua, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo kule Kabete. Msafirishe kwenye kikapu au katoni imara iliyotobolewa matundu, utandike taulo lenye harufu ya nyumbani na kufunika kwa leso, hasa kama mtapanda matatu. Chukua kile kijiwe ukitie kwenye mfuko wa plastiki, na uandike kwenye karatasi siku ya choo cha mwisho cha kawaida, vyakula vyote anavyokula, na dawa yoyote aliyopewa.

Daktari atamshika tumbo, na huenda akampiga eksirei ili aone kinyesi ni kiasi gani na kama nyonga imewahi kuvunjika. Kumbuka kama Chui aliwahi kuanguka kutoka ghorofani au kugongwa alipokuwa mdogo, maana nyonga iliyopona vibaya hubana njia. Atatiwa maji kwa mshipa au chini ya ngozi, kisha, ikihitajika, maji ya uvuguvugu yenye kilainishi kwa nyuma. Na kama kinyesi kimekuwa kama jiwe, atapewa dawa ya usingizi, na kinyesi kitatolewa kwa mkono. Omba apimwe damu kwa ajili ya figo. Paka wa umri wake anayefunga choo mara ya kwanza wakati mwingine anatuonyesha kwamba figo zimeanza kupoteza maji, na ugonjwa huo ukigunduliwa mapema humruhusu aishi vizuri kwa miaka.

Akishafunguka, endelea na chakula chenye majimaji, na utundike kalenda jikoni uweke alama kila siku anayopata choo. Siku 2 zikipita bila alama, piga simu siku hiyo ya pili, usingoje ya tatu tena. Utumbo uliotanuka mara nyingi hupoteza nguvu ya kusukuma, na ukifikia hapo huenda daktari akalazimika kukata sehemu yake. Usiku wa leo, baada ya kuhakikisha mkojo, mpe ile supu ya kuku ikiwa vuguvugu, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili tatu, na uandike saa unayompa kwenye ile karatasi ya daktari.